Kugonga Randa

Mbao nyingi zinazouzwa kando ya barabara ya Embu kwenda Manyatta hazikuwahi kuona kiwanda. Mti ulisimama mpakani mwa shamba la kahawa, mwenyewe akaita mtu wa pawa, yaani msumeno wa mnyororo, na kabla jua halijatua gogo limeshakuwa mbao za inchi sita kwa moja na nne kwa mbili, pale pale chini ya migomba. Pawa hukata upesi lakini haikati sawa. Ubao hutoka na mawimbi, unene wake unabadilika kutoka ncha hadi ncha, na mnyororo umeacha mikwaruzo ya kukingama ambayo unaihisi kwa ukucha hata ukifumba macho. Huwezi kutundika mlango wa ubao kama huo. Mjini Embu zipo plena za umeme zinazomaliza kazi hiyo kwa dakika chache, ila ubao lazima ubebwe, foleni isubiriwe, kila futi ilipiwe. Fundi mwenye milango miwili na kabati moja ya kumaliza kabla ya Jumamosi hushika randa.

Sizungumzii randa ya chuma. Hiyo ina skrubu ya kushusha na kupandisha kisu, na kijiti cha kukielekeza kulia au kushoto. Skrubu hiyo ni ubunifu wa Mmarekani Leonard Bailey, ambaye kampuni ya Stanley ilinunua biashara yake mwaka 1869, na tangu hapo imeigwa dunia nzima. Randa ya mbao haina skrubu ya namna hiyo. Kuna gogo lenye tundu lililochongwa kwa mshazari hadi chini, kuna kisu, mgongoni mwa kisu kuna bamba la pili lililofungwa kwa skrubu fupi, ambalo kazi yake tutaifikia, na kuna kabari yenye miguu miwili inayovibana vyote ndani ya tundu. Basi. Kila rekebisho ni pigo: la kushusha kisu, la kukirudisha, la kukinyoosha. Shida ni kwamba hakuna pigo linalogusa kitu kimoja peke yake. Ukigonga kisu, kabari inasikia. Ukigonga kabari, kisu kinasogea. Mafundi wengi ninaowaona wakilaumu chuma, au jiwe la kunolea, au mti, wana kisu kizuri tu kilichobanwa vibaya.

Kabla randa haijafika huku kwenye Mlima Kenya, watu walikuwa na tezo. Waembu na Wambeere walifukua magogo kwa tezo na patasi wakapata mizinga ya nyuki, wakachonga vigoda vya miguu mitatu, na kazi hizo hazikuhitaji uso ulionyooka kama rula. Tezo ni makali huru. Kina cha kukata huamuliwa na mkono upya kwa kila pigo, na ndiyo maana fundi wa tezo huchukua miaka kuiva. Katika randa kina huamuliwa kabla ya kuanza, kisha mkono unasukuma. Waroma walikuwa na randa, kwani zimefukuliwa Pompeii, mji uliofunikwa na majivu ya volkano mwaka 79. Huku bara, reli ya Uganda iliyojengwa kuanzia 1896 hadi 1901 ilileta mafundi wa Kipunjabi, wakiwamo Masingasinga wa jamii ya Ramgarhia ambao useremala na uhunzi kwao ni kazi ya ukoo. Kisha zikaja misheni: Kigari, hapa hapa upande wa Manyatta, mwaka 1910, na Chogoria mwaka 1922. Kanisa lina mlango na dirisha, shule ina dawati, na vyote vinataka ubao ulionyooka.

Mti nao una neno lake. Mbao zetu nyingi ni za mukima, yaani grevilea, mti wa Australia ulioletwa kuipa kivuli kahawa na chai, ukabaki kuwa mpaka, kuni na akiba ya karo. Serikali iliposimamisha ukataji katika misitu ya umma Februari 2018, hadi tangazo la kuondoa marufuku Julai 2023, soko liliegemea zaidi miti ya mashambani. Mukima wa shambani hupogolewa tangu ungali mchanga, na kila tawi lililokatwa kwa ajili ya kuni limeacha fundo ndani ya mbao. Zaidi ya mafundo, mti huu una miale mipana inayotoka kwenye kiini kwenda nje. Ubao ukipasuliwa kuifuata, uso wake unametameta madoa ya fedha yanayopendeza sana ukishapaka vanishi. Lakini madoa hayo ndiyo yanayobanduka vipande vipande chini ya randa iliyowekwa ovyo. Msonobari utakusamehe. Mukima utakuumbua mbele ya mteja.

Kunoa tumekumaliza katika sura iliyopita, kwa hiyo hapa nachukulia kwamba kisu kina mteremko wa digrii 25, ncha imeongezwa jiweni hadi 30 hivi, na kinanyoa nywele za mkono. Kama hakinyoi, rudi jiweni. Hakuna kugonga kunakoponya ubutu.

Laza randa juu ya ubao ulionyooka. Teremsha kisu tunduni, mteremko ukitazama chini, hadi makali yaguse ule ubao. Kwa kuwa uso wa chini wa randa na makali vimekalia kitu kimoja, sasa viko sawa, na hicho ndicho kipimo chako cha kwanza. Shikilia kisu kwa kidole gumba, ingiza kabari kwa mkono, kisha igonge kidogo. Nasema kidogo. Pigo la kukishika tu kisianguke ukigeuza randa.

Sasa igeuze. Inua pua ya randa karibu na jicho, uso wa chini ukitazama juu, nawe utazame kutoka mbele kwenda nyuma kuelekea mlangoni kwenye mwanga. Karakana zetu ni za mabati na ndani huwa kiza, kwa hiyo mwanga wa mlango ndio taa. Ukiona uso mtupu, kisu bado kimo ndani. Gonga kichwa cha kisu kwa nyundo ndogo, tazama, gonga tena. Kitatokea kistari chembamba kinachokatiza mdomo wa randa, cheusi kama unywele. Kikiwa kinene upande wa kulia na chembamba kushoto, kisu kimelala. Gonga ubavu wa kichwa chake upande ule ule wa kulia. Kichwa kitakwenda kushoto, ncha ya makali itazunguka kinyume, na kile kistari kitakuwa na unene mmoja. Wanafunzi hukosea hapa kwa wiki nzima kwa sababu ukiigeuza randa kulia kunakuwa kushoto. Dawa ni kutofikiri pande: gonga upande ambao kistari ni kinene.

Kistari kikishakuwa sawa, ndipo unagonga kabari mara moja zaidi, kisha unatazama tena. Pigo hilo la mwisho hushusha kisu kidogo, karibu kila mara. Kwa hiyo fundi aliyezoea huacha kisu ndani kidogo kuliko anavyotaka, akijua kabari itakileta.

Kimezidi kutoka? Usikivute wala usikisukume kwa kidole, kitakula ngozi. Shika randa kwa mkono mmoja na ugonge kisigino chake, ule uso wa nyuma, kwa nyundo ya mbao. Gogo linaruka mbele, kisu kwa uzito wake kinabaki nyuma, na kwa kuwa kimelala kwa mshazari, kubaki nyuma ni kurudi juu. Ni ile kanuni ya kitu kilichotulia kutotaka kusogea, ambayo kila mwanafunzi wa sekondari ameimeza kwa mtihani bila kuiona ikifanya kazi. Kwa kanuni hiyo hiyo, ukigonga pua ya randa kisu kinashuka. Randa ndefu hugongwa juu, mbele ya tundu, na huko nako kisu hurudi. Lakini pigo la kisigino hulegeza kabari pia, kwa hiyo kila baada yake kabari ipewe pigo lake. Asiyejua hilo hurudisha kisu vizuri, akasukuma randa mara tatu, kisu kikaingia ndani chenyewe, akaapa kwamba randa ni mbovu.

Nyundo ya chuma isiguse gogo wala kabari. Ukikuta randa kuukuu kwenye mitumba, tazama kisigino: kikiwa kimepondeka na kupasuka, na kichwa cha kisu kimefumka pembeni, ujue aliyeimiliki alikuwa na nyundo moja kwa kazi zote.

Mazungumzo yafuatayo unaweza kuyasikia katika kibanda chochote, na hata hayabadiliki sana.

"Mzee, hiki kisu hakikati."

"Lete." Anashika makali kwa kidole gumba, anakirudisha. "Kinakata. Kabari umeipiga mara ngapi?"

"Hadi ikakataa kuingia."

"Kwa nini?"

"Kisiteleze, mzee."

"Sasa hebu weka rula hapa chini."

Kijana anaweka rula ya chuma juu ya uso wa chini wa randa, kwa urefu. Rula inakaa juu ya uvimbe nyuma ya mdomo, mwanga unapita mbele na nyuma. Mzee anagonga kisigino mara mbili, kabari inalegea, na rula ile ile inalala bila mwanga. Hana haja ya kueleza zaidi, na kwa kweli haelezi. Anarudi kwenye kazi yake.

Kilichotokea ni hiki. Kabari ikipigwa kupita kiasi husukuma kitanda cha kisu, na gogo, hata likiwa gumu, linajikunja. Uso wa chini unavimba pale pale nyuma ya makali. Randa inabembea juu ya uvimbe, makali hayafiki kwenye ubao, fundi anashusha kisu zaidi ili yafike, na sasa yakifika yanang'oa. Mashavu ya tundu nayo hupasuka, na randa iliyopasuka shavu haina tiba ya maana. Kabari iliyochongwa vizuri hushika kwa pigo jepesi. Ikihitaji kupigwa sana, haijakaa mahali pake.

Mahali pake ni chini. Miguu ya kabari inapaswa kubana karibu na makali iwezekanavyo, na sehemu ya juu ifuate tu. Kabari nyingi, hasa zile zilizochongwa haraka baada ya ya kwanza kupotea, hubana juu na kuacha miguu ikining'inia. Hapo kisu kinatetemeka kila kinapokutana na mti mgumu, na ubao unatoka na vijikunjo vidogo vilivyopangana, huku randa ikilia kwa sauti ya kukwaruza badala ya ule mfyonzo mmoja mrefu. Kulijua tatizo hili hakuhitaji kifaa. Paka kabari mkaa wa jikoni pande zote, ipige mahali pake kidogo, itoe. Palipobaki mkaa mzima hapagusi, paliposuguka panabana. Chonga palipobana juu, kidogo kidogo kwa patasi, hadi miguu nayo isuguke. Ningekuwa mwalimu wa chuo cha ufundi ningemfundisha kijana kutengeneza kabari kabla sijamruhusu kugusa kisu.

Sasa lile bamba la pili. Wengi hulichukulia kama kifuniko, au uzito wa kukifanya kisu kisitetemeke, nao hulifunga popote. Kazi yake kubwa ni nyingine. Kisu kinapoingia kwenye mti ambao nyuzi zake zinakwenda chini, maranda yanainuka mbele ya makali na kuupasua ubao kabla makali hayajafika. Hapo ndipo lile doa la fedha la mukima linapobanduka na kuacha shimo. Bamba likiwekwa karibu sana na makali, maranda yanapoinuka tu yanakutana nalo na kukunjwa ghafla, yanavunjika, na hayana tena nguvu ya kupasua. Maseremala wa karne ya 18 walilijua hili kwa mikono. Katika miaka ya 1980 Chutaro Kato na Yasunori Kawai wa Chuo Kikuu cha Yamagata, Japani, walipiga filamu makali yakikata, yakiwa yamekuzwa mara nyingi, na inaonekana wazi jinsi bamba likisogezwa kwa sehemu ya kumi ya milimita mpasuo unavyotoweka.

Kwa kukwangua mawimbi ya pawa, acha nafasi ya milimita moja na nusu au mbili. Maranda ni manene na yanahitaji kupita. Kwa kumalizia mukima, nafasi iwe chini ya nusu milimita. Hakikisha ukingo wa bamba umegusa kisu bila mwanga kupita. Ukiacha ufa hata mdogo, maranda yataingia katikati, yatajisokota, na mdomo utaziba kila baada ya futi mbili. Ukiona fundi anachokoa mdomo wa randa kwa msumari kutwa nzima, mara tisa kati ya kumi ufa huo ndio unaomtesa. Na huo msumari unamharibia makali.

Fundi mwenye uwezo huwa na randa mbili ili asibadilishe mipangilio kila mara: moja yenye kisu kilichonolewa kwa upinde kidogo, kile cha kukwangua, na nyingine iliyonyooka ya kumalizia. Mwenye moja tu hukwangua mbao zote za kazi kwanza, ananoa, anasogeza bamba, ndipo anamalizia zote.

Jaribio la mwisho ni la kipande cha ubao mwembamba, kisichozidi upana wa kidole. Kipitishe juu ya upande wa kushoto wa mdomo, kisha wa kulia. Maranda ya pande zote mbili yawe na unene mmoja. Jicho hudanganywa na kiza cha karakana, lakini kipande hiki hakidanganyiki.

Hewa nayo ina mkono wake. Manyatta iko juu ya mita 1,500, chini ya msitu wa mlima. Mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba hukuta randa zimetundikwa kwenye misumari chini ya bati linalovuja jasho. Gogo hunywa unyevu na kutanuka kwa upana, na uso wa chini hupinda. Baada ya mvua kubwa, weka rula kabla hujalaumu kitu kingine. Ukipata kazi Siakago, huko chini kwenye joto la Mbeere, mambo yanageuka: gogo linakauka, tundu linasinyaa, na mashavu yanabana kisu kwa ubavu. Utagonga kisu kikatae kulala kushoto wala kulia. Ukiendelea kugonga, shavu litapasuka. Kitoe, chonga mashavu kwa patasi upate nafasi ya unene wa karatasi kila upande, kisha endelea. Jioni, popote ulipo, gonga kisigino mara moja ulegeze kabari, kisu kibaki ndani bila kubanwa, gogo lipumue usiku bila mzigo.

Kuuchonga uso wa chini kila unapopinda kuna gharama yake: tundu ni la mshazari, linapanuka kwenda juu, kwa hiyo kila milimita unayoondoa chini inaufungua mdomo. Baada ya miaka mdomo unakuwa mpana hivi kwamba hakuna kinachoukandamiza ubao mbele ya makali. Bamba la pili linaweza kukuokoa kwa muda. Baadaye itabidi upachike kiraka mbele ya mdomo, cha mti mgumu kuliko gogo. Mzeituni wa porini, ule Wakikuyu huuita mutamaiyu, unafaa sana. Kipande cha ukubwa wa kiberiti hupatikana kwenye mabaki ya kuni. Chimba kitako cha kiraka kwa patasi, kina kisichozidi nusu inchi, nyuzi za kiraka zikifuata nyuzi za gogo, paka gundi, kaza kwa jiriwa hadi kesho. Kisha kiraka kisawazishwe na uso wa chini, na mdomo ufunguliwe kwa tupa bapa, ukijaribu kila baada ya misuguo michache kwa kisu kikiwa ndani na bamba likiwa karibu, hadi maranda ya kumalizia yapite bila kukwama.